MATEMBEZI YA PWANI NA MASHAMBANI WAKATI WA LIKIZO YA KARAVANI

(Haya ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa na Ofisa wa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa manufaa ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.)



Nilipotakiwa nizungumze juu ya likizo yangu ya mwaka 2019 nilisita kidogo, kwani likizo ya mtu ni jambo lake na jamaa zake. Lakini katika wiki mbili nilizokaa na mpwa wangu katika wilaya ya Pembrokeshire, magharibi kabisa ya Wales, niliona jambo ambalo linatuhusu sisi wakaazi wa visiwani, na khasa sisi tunaoandika barua na matangazo ya Serikali. Jambo hilo ni njia ya miguu. Naomba radhi mapema kwamba itanibidi kuzunguka kidogo kabla ya kulifikia.

Kwanza karavani yenyewe. Neno hili Wazungu wamelichukua kutoka Kiajemi, na maana yake ya asili ni ule msafara wa wafanyabiashara na wanyama wao, kama misafara iliyokuwa ikitoka Bagamoyo kwenda Ujiji, ingawa ya kwetu mizigo ilibebwa mabegani. Leo kule Uingereza karavani ni kijumba cha magurudumu kinachokokotwa nyuma ya gari. Ndani mna jiko la gesi, sinki, meza, na viti ambavyo usiku hukunjuliwa vikawa vitanda. Mwaka 1885 William Gordon Stables, daktari wa zamani wa Jeshi la Wanamaji, aliundiwa kijumba cha namna hiyo cha kuvutwa na farasi wawili, akasafiri nacho kutoka kusini mwa England hadi Inverness, Scotland, kwa starehe tu. Watu wakamcheka, kisha wakamfuata. Kufikia mwaka 1907 kulikuwa tayari na chama cha wenye makaravani.

Sisi tulikuwa watano: mpwa wangu, mkewe, watoto wao wawili na mimi. Tuliegesha katika konde la mkulima karibu na kijiji cha Bosherston. Sheria yao huruhusu vyama vya makaravani kuyakubali makonde madogo ya namna hiyo, mradi makaravani yasizidi matano. Maji tuliyachota bombani kwa pipa la plastiki linaloviringishwa chini kama gurudumu, kazi waliyoipigania watoto siku ya kwanza na kuikimbia siku zote zilizobaki. Ilikuwa mwezi wa Juni, na jua likizama saa tatu na nusu za usiku. Mwenye kungojea Maghribi kule hana budi awe na subira.

Karavani haifai kuzunguka nayo kila siku. Barabara za Pembrokeshire ni nyembamba, zimebanwa na kuta za udongo zilizoota vichaka, na magari mawili yakikutana mmoja hana budi kurudi nyuma. Kwa hiyo kijumba huachwa mahala pamoja, na watu hutembea kwa miguu. Ndiyo maana likizo ya karavani na matembezi ni mambo yasiyoachana.

Asubuhi ya kwanza mpwa wangu alinitoa kwenda kutembea mashambani kabla ya chai. Nyuma ya konde letu palikuwa na lango dogo la mbao, na upande wa pili shamba la shayiri lililokuwa limefika kiunoni. Juu ya nguzo palikuwa na mshale wa manjano na maneno mawili ya Kiwales, Llwybr Cyhoeddus, yaani njia ya umma. Nikasimama. Shamba lilikuwa la mtu, nyumba yake ilionekana kule mbele, moshi ukitoka. Kwa malezi yangu sikuweza kupita. Nikapiga hodi.

Mpwa wangu alicheka mpaka akashika nguzo. "Mjomba, hapa hapapigwi hodi. Hii ni njia."

"Na mwenyewe je?"

"Mwenyewe shamba ni lake, njia si yake."

Tukapita. Kati ya shayiri ilikuwa imeachwa njia ya upana wa kama mita moja, imenyooka, haikulimwa wala kupandwa kitu. Baadaye niliambiwa kuwa haikuachwa kwa hisani. Sheria ya mwaka 1990 yasema kwamba mkulima akiilima njia ipitayo katikati ya shamba lake, amepewa siku 14 kuirudisha iweze kupitika, na upana wake usipungue mita moja. Akilivuruga tena katika msimu ule ule, amepewa saa 24 tu. Tulimkuta mwenyewe karibu na banda lake, mtu mzima wa makamo yangu. Alituamkia, akatuuliza tunakwenda upande gani, akatuonya kuwa konde la tatu lina ng'ombe wenye ndama na kwamba tupite mbali nao. Hakutuuliza sisi ni nani.

Nataka kukaa kidogo juu ya neno hilo, kwamba hakutuuliza sisi ni nani. Nimefanya kazi ya Serikali zaidi ya miaka 30 na sikumbuki kuingia mahala pa mtu nisijieleze. Mzee yule hakuwa mkarimu kuliko wazee wetu. Wetu angetukaribisha madafu. Tofauti ni kuwa kule suala la nani anapita na kwa idhini ya nani lilikwisha kujibiwa kabla hatujazaliwa, likaandikwa katika ramani, na likawekwa mahala ambapo mkulima na mgeni wote wanaweza kulisoma.

Haki hii haikuja kwa urahisi. Njia nyingi ni za kale, za watu waliokwenda kanisani, kisimani na sokoni. Lakini nyika na milima mingi ilifungwa na mabwana wa ardhi kwa ajili ya uwindaji. Tarehe 24 Aprili, 1932, mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwandani kutoka Manchester, walipanda mlima wa Kinder Scout katika wilaya ya Derbyshire bila ya ruhusa, wakapambana na walinzi. Aliyewaongoza, Benny Rothman, alikuwa kijana wa miaka 20. Watano kati yao walifungwa jela. Miaka 17 baadaye, mwaka 1949, Bunge lilipitisha sheria ya mbuga za taifa na ya kuingia mashambani, ambayo pamoja na mengine iliziamuru halmashauri ziandike ramani rasmi ya kila njia ya umma iliyomo katika eneo lao. Njia ikishaingia katika ramani hiyo, ni ushahidi unaotosha mahakamani, na haifutwi kwa kupanda miba au kujenga ukuta.

Pembrokeshire ikafanywa mbuga ya taifa mwaka 1952 kwa sababu ya pwani yake. Mtaalamu wa viumbe, Ronald Lockley, aliikagua pwani hiyo na kupendekeza njia moja ya kuifuata yote. Kazi haikuwa ya siku mbili, kwani palikuwa na wenye mashamba wa kuzungumza nao mmoja mmoja, na ngazi na vidaraja vya kujenga. Njia ilifunguliwa mwaka 1970, yenye urefu wa maili 186, yaani karibu kilomita 300. Ukijumlisha mapando yote, mtembeaji huwa amepanda zaidi ya mita 10,000, kuliko kimo cha Mlima Everest. Mwaka 2012 iliunganishwa na nyingine, na Wales yote ikawa na njia moja ifuatayo bahari yake, kiasi cha kilomita 1,400. Mimi katika siku zangu zote sikutembea zaidi ya kilomita 60, na magoti yangu yanasema zilitosha.

Tulianza na kilichokuwa karibu. Kutoka Bosherston njia hupita kando ya maziwa ya mayungiyungi. Maziwa haya yalitengenezwa na wenye shamba kubwa la Stackpole katika karne ya 18 na ya 19 kwa kuziba mabonde, na mwezi wa Juni maua meupe huwa yametanda juu ya maji. Mwisho wake ni ufukwe wa mchanga, na ukifuata majabali kuelekea mashariki unafika Barafundle, ghuba ambayo haina barabara. Tajiri na maskini wote hufika pale kwa miguu yao. Mawe ya upande huu ni ya chokaa, yametobolewa na maji kama maweni yetu ya Makunduchi, ila yamesimama wima juu ya bahari, na hakuna uzio. Upepo ukivuma hukaribii ukingo, na watoto tuliwashika mikono.

Siku ya pili tulielekea magharibi, kwenye kikanisa cha Mtakatifu Govan, kilichojengwa kwa mawe ndani ya mpasuko wa jabali, nusu ya njia kuteremkia baharini. Wenyeji husema kuwa hakuna awezaye kuzihesabu ngazi zake akapata idadi ile ile wakati wa kushuka na wa kupanda. Nilizihesabu, na kweli zilitofautiana. Lakini wakati wa kupanda nilikuwa nahema, na sitaki kuyathibitisha ya wenyeji kwa ushahidi huo.

Tulikusudia kuendelea mpaka kwenye nguzo za mawe zilizosimama baharini, ambako ndege hutaga kwa maelfu. Tukakuta bendera nyekundu. Eneo hilo la Castlemartin ni uwanja wa jeshi wa kulengea shabaha, na siku za mizinga njia hufungwa. Watoto walinuna. Mimi nilisimama mbele ya ubao wa matangazo, nikausoma mara tatu kwa mapenzi ya kazi. Ulieleza siku gani pamefungwa, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, mtembeaji apite wapi badala yake, na simu ya kuuliza. Ratiba hutangazwa mapema, na mara nyingi mwisho wa wiki hakuna mizinga. Tulirudi Jumamosi, tukapita. Naliungama hapa mbele ya wakubwa zangu kwamba katika utumishi wangu nimeandika matangazo yasiyopungua mia yanayomalizikia kwa maneno "hadi hapo itakapotangazwa tena", na sina hakika kama yote yalitangazwa tena.

Sasa nifike kwenye kisa ambacho mpwa wangu atanikumbusha mpaka nife.

Kaskazini ya bandari ya Milford Haven kuna hori liitwalo Sandy Haven. Njia ya pwani hulivuka kwa mawe ya kukanyagia wakati maji yamekupwa. Yakijaa, kivuko huzama, na mtembeaji hana budi azunguke nchi kavu maili 4 hivi. Bahari ya kule hupanda na kushuka kuliko yetu. Wakati wa bamvua tofauti baina ya kujaa na kupwa hupita mita 6, ilhali Unguja ni kiasi cha mita 4.

Mipango ya siku hiyo niliishika mimi. Nilisema kwamba sijapata kuona mtu wa Cardiff akimfundisha mtu wa kisiwani habari za maji. Nilikuwa nimesoma kwamba vitabu vingi vya majira ya maji nchini Uingereza huandikwa kwa saa za Greenwich, na kwamba wakati wa kiangazi, saa za nchi zikiwa zimesogezwa mbele, msomaji aongeze saa moja. Jedwali alilokuwa nalo mpwa wangu lilionesha maji yatakupwa saa tano za asubuhi. Nikaongeza yangu, nikapata saa sita. Tukapanga tufike saa saba na nusu, tukiwa bado na nafasi tele.

Mkewe alituteremsha karibu na St Ishmael's, akaenda kutungojea na watoto ng'ambo ya hori. Ilikuwa safari nzuri kuliko zote. Njia hupita juu ya majabali mekundu, kangaga zikiwa zimefika kifuani, na meli za mafuta zikingoja zamu chini yetu. Tulifika Sandy Haven saa saba na nusu kamili. Upande wa pili, karibu kiasi cha kusikilizana kwa sauti, mke wa mpwa wangu alikuwa amesimama na chupa ya chai. Baina yetu maji yalikuwa yakienda kwa kasi, na mawe hayaonekani.

Jedwali lile lilikuwa limekwisha kuongezwa saa moja na waliolichapisha. Yameandikwa chini, kwa herufi ndogo. Mimi niliongeza juu ya nyongeza.

Mpwa wangu alianza kuvua viatu. "Mjomba, hayajafika magotini haya."

Nilimkataza, na hapa sikuwa na mzaha. Sisi tuliokulia pwani tunajua kuwa maji yanayojaa horini hayapimwi kwa yalivyo sasa, hupimwa kwa yatakavyokuwa utakapofika katikati. Tulikaa juu ya ukuta. Mkewe alizunguka na gari katika vichochoro vyao, akatuchukua baada ya nusu saa, na chai ilikuwa bado ya moto. Asiye na gari angezitembea zile maili 4, nazo ni nafuu. Mwenye kunasa pwani kule hupiga simu namba 999 na kuomba walinzi wa pwani. Afadhali kuijua namba hiyo kabla ya kuihitaji.

Nilipokuwa nimekaa juu ya ukuta ule, nikingoja, ndipo nilipofikiri juu ya kwetu. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza pwani ya mashariki mwaka 1989, akina mama wamekuwa wakishuka na kupanda na mizigo kwa vichochoro ambavyo wavuvi walivitumia kabla yao. Vichochoro hivyo tunavijua sote, na kwa sababu tunavijua sote hakuna aliyeona haja ya kuviandika. Nimehudhuria vikao viwili, katika vijiji viwili ambavyo sitavitaja, ambapo ukuta ulikuwa umekwisha kujengwa na suala lilikuwa njia ilipita wapi. Wazee watatu walionesha mahala patatu. Hakuna aliyekuwa mwongo. Mti waliokuwa wakiuelekeza ulikwisha kukatwa. Mwekezaji naye alikuwa na karatasi iliyopigwa mihuri, na katika karatasi ile hapakuwa na njia. Wahenga walikwisha kusema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Wala Waingereza wenyewe hawajamaliza. Kwa upande wa England, sheria ya mwaka 2000 iliweka tarehe 1 Januari, 2026 kuwa mwisho wa kuziandikisha njia za kale zilizosahauliwa katika ramani rasmi. Watu wakashtuka. Wapo waliojitolea kupekua ramani za karne zilizopita, wakitafuta njia ambazo babu zao walizipita na halmashauri hazikuziandika. Tarehe ikasogezwa hadi 2031, na mwezi wa Disemba 2024 Serikali ikatangaza nia ya kuifuta kabisa. Sisi hatujafika hata pa kubishana juu ya tarehe. Nadhani masheha, pamoja na skuli zetu, wangeweza kuanza kwa daftari la kawaida la mistari: njia hii inatoka msikitini, inapita nyuma ya kwa fulani, inateremka pwani, upana wake hatua ngapi. Wanafunzi wanaweza kuipima kwa kamba katika wiki moja. Sisemi kuwa daftari hilo lingekuwa sheria. Nasema lingekuwepo mezani siku ya kikao.

Kwa wenzangu wenye jamaa Uingereza wanaotaka kwenda kutembea kama nilivyotembea mimi, nina machache ya kuwaambia. Mshale wa manjano ni njia ya wapita kwa miguu peke yao. Wa buluu wanaruhusiwa pia wenye farasi na baiskeli. Alama ya tunda la mwaloni huonesha njia kuu za taifa, na ile ya Pembrokeshire ni mojawapo. Lango ukilikuta wazi liache wazi, ukilikuta limefungwa lifunge. Chukueni koti la mvua hata kama jua linawaka, na jioni mkague miguu ya watoto, kwani katika kangaga mna kupe. Kuna mabasi madogo yanayofuata pwani, khasa wakati wa kiangazi: pandeni basi kwenda, mrudi kwa miguu, ili aliyechelewa asiikose gari ya mwisho. Na jedwali la maji lisomeni lote, mpaka herufi za chini.

Ramani niliyotumia, ile kubwa ya kipimo cha 1 kwa 25,000, inayoonesha kila njia ya umma kwa vistari vya kijani, nimeiacha katika chumba cha Habari. Anayetaka kuiona afike saa za kazi, Jumatatu hadi Ijumaa. Ile duara ya rangi ya kahawia iliyopo baharini karibu na Solva si kisiwa. Ni kikombe changu cha chai.